Shitingi si nyumba: nani anaandikwa ku liste?

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa harakati yetu, Goma, tarehe 22 Mei 2022, mwaka moja kisha mulipuko wa Nyiragongo na matetemeko yaliyofuata. Tunayaweka hapa juu wenye hawakufika waliomba kuyasoma.

Asante kwa wenye wametoka mbali, zaidi sana wenye wametembea na miguu toka Kibati.

Nimepewa dakika makumi mbili, nitaongea juu ya nyumba. Juu ya moto wenyewe sitaongea sana, wote tuliuona. Siku ya posho magaribi, 22 Mei 2021, lava ilishuka territwari ya Nyiragongo, ikakata barabara ya Rutshuru, ikasimama Buhene, mulangoni mwa muji. Watu 30 na zaidi walikufa. Nyumba zaidi ya 3,000 ziliharibika. Kisha, wakati tulisema imeisha, njo matetemeko yakaanza. Udongo unacheza muchana na usiku, kuta zinapasuka, barabara inafunguka ufa, mama anakataa kuingia ndani hata kuchukua sufuria. Tarehe 27 Mei asubuhi gavana wa kijeshi akatoa amri: kartye 10 kati ya 18 zihame. Watu karibu 400,000 wakashika njia. Sake, Minova, Rutshuru, mashua za Bukavu, na wengine wakavuka Gisenyi, kumbe kule nako kuta zilikuwa zinaanguka.

Ile wiki shida ilikuwa moja kwa wote: tulale wapi? Pale Sake, mutu wa ofisi na musukuma chukudu walilala chini ya veranda moja, wakagombania maji yale yale. Lakini mwezi wa 6, wakati Leta ilisema turudi, shida iligawanyika. Wenye nyumba yao ilibakia walifungua mulango, wakapangusa vumbi, maisha ikaendelea. Wenye nyumba yao iko chini ya jiwe walibakia mu masomo na mu makanisa. Kisha masomo yakaomba vyumba vyake, watoto warudi kusoma, na wao wakapelekwa chini ya shitingi. Kuko familia zenye ziko pale mpaka leo. Muji umeshawasahau, na mimi ninaona sababu ni moja kubwa: musaada wetu unajua kuhesabu vichwa, haujui kuhesabu parsela na bayeur.

Nieleze.

Kwanza shitingi yenyewe. Sitaki mutu aseme tunaidharau. Usiku wa mvua, mutoto wa miezi tatu, shitingi inaokoa maisha, kabisa. Lakini ni kipande cha plastiki cha mita 4 kwa 5, ao 4 kwa 6. Jua la huku linaikula. Upepo unaivuta. Na hapa kwetu kuko jambo lenye mutu wa Kinshasa hawezi kujua: juu ya lava huwezi kuchimba shimo la mti. Unapiga chuma, chuma inaruka. Familia zinafunga kamba ku mawe, zinapanga mawe pembeni, na wakati mvua inakuja usiku, baba anasimama anashika mti kwa mikono mpaka mvua ipite. Hata musalani hauchimbiki, lazima uinuliwe juu na mabao. Kwa hiyo wenye wanaleta vitu wakiwa na hesabu ya inchi ingine, ya udongo laini, wanaacha kazi nusu.

Lakini tuseme shitingi ni nzuri, iko na miti ya kutosha, na kamba. Kisha nini? Hapa ninaomba tutoke kwetu kidogo, tuende Haiti, tutarudi.

Wahaiti si wageni kwetu. Kisha uhuru wa 1960, wakati Wabeleji walikimbia na masomo yakabakia bila walimu, walimu na maengenieri wa Haiti njo walikuja kwa mamia mu Kongo hii. Kuko wazee wetu wenye walijifunza hesabu kwa Muhaiti. Sasa, tarehe 12 Januari 2010, saa kumi na moja kasoro za jioni, tetemeko la nguvu ya 7.0 lilipiga karibu ya Léogâne na muji mukubwa wa Port-au-Prince. Leta yao ilihesabu wafu zaidi ya 200,000. Wachunguzi wengine wanasema hesabu iko chini ya ile. Ikulu yenyewe ilianguka. Watu karibu milioni 1 na nusu walijikuta inje. Ku uwanja wa Champ-de-Mars, mbele ya ile ikulu yenye imelala chini, kukawa kambi.

Dunia ililia, dunia ikatoa feza. Mwezi wa 3 mwaka ule, ku mukutano wa New York, mataifa yaliahidi dola zaidi ya miliari 5. Tungepewa sisi ile, mungesema tutajenga Goma mara mbili. Lakini miaka mingi kisha, watu wangali mu mahema. Juu ya nini?

Jibu la kwanza lenye linakuja mu kinywa ni wizi, na mimi sitakataa wizi. Tena haukuwa upande wa Leta tu wenye maulizo. Mwaka 2015 waandishi wa habari wa NPR na ProPublica waliandika kwamba Msalaba Mwekundu wa Marekani, wenye ulikusanya karibu nusu miliari ya dola juu ya Haiti, ulikuwa umejenga nyumba 6 za kudumu. Sita, makamarade. Shirika lilijibu kwamba hesabu ile haielezi kazi yote, kwamba walitengeneza nyumba zingine, walilipia watu kodi, walijenga vibanda vya muda na wenzao. Inawezekana kabisa. Lakini ukisoma vile ilipita, unaona kwamba kizuizi kimoja kikubwa kilikuwa udongo. Nyumba ya kudumu inaomba parsela. Parsela inaomba karatasi. Na karatasi hazikukuwa, ao zilikuwa mbili, tatu, za watu mbalimbali, kwa parsela moja. Kila shirika lilipouliza «huu udongo ni wa nani?» watu wane walinyoosha mukono. Basi shirika linaogopa, linajenga kibanda cha mabao chenye kinaweza kubebwa, linapiga picha, linaenda.

Jambo la pili njo lenye linatugusa zaidi. Wengi wenye walikuwa mu makambi ya Port-au-Prince hawakukuwa na nyumba hata mbele ya tetemeko. Walikuwa wapangaji. Malokatere. Nyumba yenye ilianguka ilikuwa ya mutu mwengine. Ukijenga tena ile nyumba, umesaidia bayeur. Lokatere ataingia tu kama ana kodi, na kodi imepanda, juu nyumba zimekuwa chache na wageni wa maONG wanalipa na dola. Kulichukua muda mpaka Leta na mashirika wakubali jambo hilo. Njo wakaanza, kuanzia 2011, kulipia familia nyumba ya mwaka moja, karibu dola 500, ili zitoke kambini. Wengi walitoka kweli. Lakini mwaka moja ukaisha, na hapo kila mutu akarudia maisha yake ya mbele, bila kazi, bila kodi ya mwaka wa pili.

Na wenye hawakungojea? Walipanda milima ya Canaan, kaskazini ya muji. Rais Préval alisema ule udongo uwe wa faida ya watu wote, na wao wakasikia tu: twende. Walipima na kamba, wakaweka mawe, wakajenga wenyewe bila injinieri, bila maji, bila barabara. Kufikia leo ni muji wa watu 200,000 na zaidi. Ni jambo la kustaajabisha na ni jambo la hatari, juu nani alipima kama mulima ule utashika siku ya tetemeko lingine? Sikiliza vizuri: watu hawakukosa nguvu ya kujenga. Walikosa mutu wa kuwaambia wapi, na namna gani.

Sasa kuko inchi ingine yenye haikufanya kila kitu vizuri, lakini ilifanya jambo moja lenye ninataka mulishike. Pakistan. Tarehe 8 Oktoba 2005, tetemeko la 7.6 mu milima ya Kashmir. Watu zaidi ya 73,000 wakafa, watu karibu milioni 3 na nusu bila nyumba, na baridi ya theluji inakuja kisha wiki chache. Leta yao iliunda ofisi moja ya kujenga tena, ERRA. Badala ya kumupatia kontrakta mukubwa mumoja kazi ya kujenga nyumba zote, kila familia yenye nyumba imeharibika ilipewa feza ku banki, rupia 175,000, lakini kwa vipande. Kipande cha kwanza, unajikinga na baridi. Kipande kingine, unaanza musingi. Anakuja mutu anapima: umeweka chuma? Umefunga kona? Kama umefanya vile tulifundisha, unapata kipande kinachofuata. Kama sivyo, unabomoa kidogo, unatengeneza, anarudi. Njo namna nyumba mamia ya maelfu zilisimama, na zilijengwa na wenyewe.

Kuko mambo mawili ndani ya ile historia yenye iliniuma nikifikiri kwetu. Mbele, wakubwa walitaka nyumba za simenti na blok tu. Lakini simenti haifiki juu ya milima, na fundi wa kule anajua namna ya wazee: mifupa ya mabao, viboko vya kukatana kama msalaba, katikati unajaza mawe madogo na udongo. Wanaiita dhajji. Zile nyumba za mabao zilicheza na tetemeko na hazikuanguka vibaya, wakati kuta nzito za mawe ziliua watu. Wananchi wakashikilia, mafundi wakashikilia, na mwishowe ofisi ikakubali: ukijenga dhajji vizuri, feza yako utapata. Makumi ya maelfu ya nyumba zilijengwa vile.

Musicheke. Goma ni muji wa mabao. Kisha 17 Januari 2002, wakati lava ilipita katikati ya muji mpaka ku ziwa, wazazi wetu walirudi mawe yangali moto na wakajenga na mabao juu ya jiwe jeusi. Tunalelewa tukiona haya ya nyumba ya mabao. Mutu akipata feza kidogo, kitu cha kwanza ni kusimamisha ukuta wa matofali mbele, hata bila chuma, hata bila kufunga kona, ili jirani aone. Sasa kumbukeni Bukavu, 3 Februari 2008, siku ya yenga asubuhi, wakati watu wako mu misa. Tetemeko la 5.9, si kubwa sana ukilinganisha na Haiti. Watu makumi walikufa, wengi upande wa Rwanda, kule Rusizi, wengine ndani ya kanisa lenye liliwaangukia. Kwetu Bukavu nyumba za matofali mabichi ku milima zilipasuka kama biskuti. Nyumba ya mabao iko na adui wake, moto, na Goma inajua kuungua. Lakini mbele ya tetemeko, nyumba nyepesi yenye manjanja imefungwa vizuri, inakuachia mutoto wako muzima. Tungetaka Leta ya jimbo itoe karatasi moja tu, yenye michoro, mu Swahili: hivi njo unafunga kona, hivi njo unashikilia mabao ku jiwe, hivi njo unaacha nafasi kati ya nyumba na nyumba juu ya moto. Tuko na vijana wangapi hapa wenye walimaliza ujenzi ao jeoloji na diplome inalala mu sanduku? Yangu nayo inalala. Pakistan walifundisha watu kama sisi kupita nyumba kwa nyumba kupima. Ni kazi, na mutu analipwa.

Jambo la pili la Pakistan. Kulikuwa watu wenye mulima ulibomoka na parsela yenyewe ikaenda. Hata ukimupatia feza ya nyumba, ataijenga wapi? Basi Leta ikaweka mupango wa pekee juu yao: feza ya kununua kipande cha udongo, na ofisi moja ya kumaliza karatasi, asizunguke mara kumi na mbili.

Muko munaona penye ninaenda. Nyiragongo, parsela hazikubomoka, zimefunikwa. Mipaka iko chini ya jiwe. Miti ya kivuli yenye ilionyesha «hapa ni kwa fulani» imeungua. Wengi walinunua udongo kwa karatasi ya mukono, mbele ya shefu wa lokalite na mashahidi wawili, bila kadastre. Karatasi ile iliungua pamoja na nyumba, na shahidi moja amehama. Leo jiwe likipoa, atafika mutu na sertifika mupya toka ofisi, aseme pale ni pake tangu zamani. Musiniambie haiwezekani, munajua muji wenu. Kwa hiyo wakati tunaomba shitingi, tuombe ku siku ile ile kitu kingine chenye hakina bei kubwa: kitabu. Kila parsela yenye ilifunikwa iandikwe, jina la mwenyewe, majirani zake wa pande ine, mashahidi, picha, na alama ya GPS yenye telefone yoyote inatoa. Iandikwe sasa, wakati majirani wangali wanakumbuka na wangali wanapendana.

Na mulokatere. Ninajua hapa kuko wengi, nyosheni mikono. Munaona? Zaidi ya nusu. Nikiwaambia 22 Mei ile nyumba yako ilienda, wewe ulipoteza nini? Kitanda, nguo, kuni, masufuria, biashara ndogo ya mulangoni. Na garanti. Miezi tatu, ine, sita yenye ulimulipa bayeur mbele ya kuingia. Bayeur anakuambia yeye pia amepoteza, na ni kweli, hasemi bongo. Lakini liste ikipita, shefu wa avenyu anaandika nani? Anaandika mwenye parsela, juu njo jina lenye anajua. Na mu parsela moja ya Majengo ao Buhene mulikuwa familia tano, sita. Malalamiko juu ya maliste mulisikia wote: majina ya watu wenye hawakukaa pale, na watu wenye walikaa pale bila jina. Sitataja mutu. Lakini liste yenye haiko na nafasi ya wapangaji inakosa hata kama imeandikwa na malaika.

Tena kuko jambo chungu. Wengine wanasema: lokatere aende tu kupanga kwengine, hana kitu cha kujenga. Mwenye kusema hivyo hajatafuta nyumba mu Goma kisha volkano. Kodi ni dola, garanti ni dola, na mushahara, kama uko, unakuja na franga.

Basi tunaomba nini? Tunaomba liste zote za wahanga zibandikwe ku ofisi ya kila kartye na ya kila lokalite, inje, ku ukuta, kila mutu asome, na kuwe siku za kusahihisha. Tunaomba wapangaji wawe na upande wao ku liste, na musaada wao uwe feza ya garanti na kodi ya kuanzia, badala ya kuwabakiza mu kambi kusubiri parsela yenye haitakuja. Tunaomba gavana atangaze hesabu: musaada gani uliingia, toka kwa nani, ulienda wapi. Tuko chini ya utawala wa kijeshi tangu 6 Mei 2021 na tunajua vile wanaitikia maulizo. Sisi tutauliza hata hivyo, na barua, na mu njia, bila kutupa jiwe. Na tunaomba wakubwa waseme waziwazi penye mutu anaruhusiwa kujenga na penye haruhusiwi. Kama hawasemi, watu watajenga palepale penye lava ilipita, na nitawaelewa, juu njo penye wanajua, na soko iko karibu.

Kuko mutu ameniuliza mbele ya kuingia: «Na vita?» Ndiyo. Rutshuru inawaka, watu wanashuka huku na magodoro ku vichwa, na muda si mrefu watafika ku zile zile kambi za wahanga wa volkano. Ile siku wahumanitere watahesabu wote pamoja, na mutu wa volkano atapotea ndani ya hesabu. Njo sababu ninasema kitabu kianze wiki hii, si mwezi ujao.

Kazi iko hivi. Siku ya posho inayokuja, saa mbili asubuhi, tunagawanyika watu wawili wawili, musichana na kijana, mumoja wenu awe mwenye anasikia Kikumu ao Kinyarwanda, juu wamama wazee hawatazungumuza shida zao mu Kifaransa. Kila kundi litapata daftari mbili, moja ya parsela, moja ya malokatere. Musiahidi kitu. Musichukue feza, hata maji ya kunywa mubebe yenu. Ukifika ku shitingi, kwanza ujitambulishe, uombe ruhusa, kisha uulize jina, alikuwa anaishi wapi, alikuwa mwenyewe ao alikuwa analipa, analipa ngapi, garanti miezi ngapi, nani anaweza kushuhudia. Asome penye uliandika, ao umusomee, kisha aweke kidole. Wenye telefone zao zinapiga picha nzuri waandike majina pale mulangoni, upande wa kushoto, ku karatasi ya manjano. Wenye wako na makoti ya mvua wakumbuke kuyaleta.